Hita ya Darini na Joto Nililolizima

Zuwena mwanangu,

Salamu nazifupisha. Kumwuliza hali mtu aliyetoka mlangoni sasa hivi, na manukato yake bado yako chumbani, ni kupoteza wino. Umekwenda na mama yako madukani kutafuta sanduku jingine, na mimi nimekaa humu chumbani mwako juu ya ndoo niliyoipindua, mbele ya kile kistoo chenye hita ya maji. Ile ya zamani ilikufa juzi. Mzee Kombo, mwenye nyumba wetu, alisema fundi atakuja wiki ijayo. Nikamwambia wiki ijayo mwanangu atakuwa Arizona, na hatoki nyumbani kwangu kwa kuoga maji ya kuchemshia jikoni. Kwa hiyo nimeifunga mpya mwenyewe. Nimejibana humo kistooni mpaka viwiko vimechubuka, na sasa nasubiri tangi lijae. Umeme hauwashwi kabla tangi halijajaa, maana kile chuma cha kuchemshia kikiwaka kikavu kinaungua papo hapo. Nimefungua mfereji wa maji ya moto bafuni, nausikia unakohoa hewa. Utakapoacha kukohoa na kutoa maji matupu, ndipo nitawasha.

Kistoo hiki kinaniuma, nakwambia kweli. Wasichana wenzako mahali hapa ndipo wanapotundika nguo zao. Wewe umekaa hapa Landover miaka yote hii ukilala ubavuni mwa tangi, na nguo zako zimekaa kwenye masanduku chini ya kitanda. Jana mama yako alishangaa jinsi ulivyofungasha upesi. Mimi sikushangaa. Ulikuwa umefungasha tangu siku tuliyohamia.

Mambo ya funguo, bima ya gari, dawa za pumu na kula vizuri nimemwachia mama yako, naye hajabakiza kitu. Mimi nataka kukueleza kuhusu hita nyingine, ile ya nyumba yetu ya zamani kule Springfield. Hadithi yake unaijua, ulikuwepo. Lakini hatujawahi kuizungumza, mimi na wewe, hata siku moja.

Unakumbuka bibi yako alipokuja kutoka Tanga, magoti yamemwisha? Ngazi zilikuwa adui yake. Akashuka ngazi za ndege kwa msaada wa watu, akafika Springfield akakuta nyumba ya ngazi tena, na choo kiko juu. Pale chini palikuwa na chumba kimoja tu, na pembeni yake kistoo chembamba chenye hita. Nikaamua kistoo kile kiwe choo chake, na hita ipande darini, kwenye ule uwazi chini ya paa. Mama yako akasema tumwite fundi. Mimi nikacheka. Kazi yangu kule Sterling ilikuwa, na bado ni, kuzunguka majengo ya kompyuta nikikagua mabomba ya maji ya kupozea. Wazungu wenyewe walikuwa wananiita bomba likilia. Leo niite fundi aje kunihamishia hita?

Akaja Mwangi, jirani yetu Mkenya, kunisaidia kulipandisha tangi. Tulilisukuma kwenye ile ngazi ya kukunja, yeye chini mimi juu, jasho linatutoka, naye anapiga kelele, "Hemedi, buda, hii kitu ikislip mimi ndio nimeenda! Wife yangu atakusue kortini wewe!" Bibi yako alikuwa amekaa pale ukumbini anatutazama, tasbihi mkononi. Akasema, "Hemedi, maji ya moto unayaweka juu ya vichwa vya watu, umeona wapi?" Nikamwambia, "Mama, hii ni Amerika, ndivyo wanavyofanya." Akasogeza punje ya tasbihi, akasema, "Haya. Mwenye nyumba ndiye mwenye paa."

Wewe ulikuwa umetoka chumbani mwako unatucheka. Ndiyo, ulikuwa unanicheka siku zile. Nilipokwama kwenye tundu la dari, tumbo nusu ndani nusu nje, ulicheka mpaka ukakaa chini. Ningetoa chochote nikwame tena.

Kazi ile niliifanya vizuri, mwanangu. Silitaji hilo kwa kujisifu. Nililiweka tangi juu ya mbao nene, chini yake nikatandika sinia la chuma lenye bomba la kutolea maji nje, iwapo litavuja. Kila bomba nililivisha sponji, viungo nikavifunga utepe, juu nikarudishia ile pamba ya rangi ya waridi ya kuzuia baridi, inayowasha ngozi. Hata mkaguzi alipokuja aliitikia kwa kichwa. Lakini kuna jambo nililijua kwa kichwa na sikulijua kwa moyo. Sponji haina moto wake. Haipashi bomba joto, inalinda joto lililopo tu. Kinachozuia bomba la darini lisigande ni joto la watu wa chini, linalopanda polepole kupitia dari. Nyumba ikipoa, bomba lililovikwa linaganda vilevile. Linachelewa tu.

Sasa nije kwenye sheria yangu. Ile ya Kiswahili.

Ilianza kwa mchezo, ukiwa mdogo. Ukiniomba juisi kwa Kiingereza, mimi natazama juu kama nimesikia panya. Unarudia, mimi natafuta panya. Mpaka useme, "Baba, naomba juisi," ndipo nashtuka, "Ala! Kumbe kuna mtu hapa!" Ulikuwa unapenda. Baadaye mchezo ukaisha na sheria ikabaki. Asemaye Kiingereza humu ndani, sijamsikia. Nilijivunia. Kwenye harusi zetu nilikuwa nawaona watoto wa wenzangu wanasalimiwa "Hamjambo?" wanawatazama mama zao wafasiriwe, nami najisemea kwangu haitatokea. Sababu yenyewe sikumwambia mtu. Nilikuwa naogopa kuzeeka nchi hii, nilale kitandani hospitali fulani, mwanangu asimame pembeni, na kati yetu awepo mkalimani. Nilikuwa naogopa kufa nikitafsiriwa.

Bibi yako hakuwa na sheria hiyo. Yeye Kiingereza hakukijua hata cha kununulia chumvi, na wewe Kiswahili ulikielewa chote lakini kilikataa kutoka mdomoni. Lakini mlikuwa mnazungumza mchana kutwa! Wewe unamwambia habari za shule kwa Kiingereza chako cha kasi, yeye anakujibu kwa Kitanga, "Ehee! Halafu akasemaje huyo mwalimu?" Siku moja nilimuuliza, "Mama, unaelewa anachokwambia?" Akanitazama kama nimeuliza upuuzi. "Mjukuu wangu ananiambia mambo yake. Mimi nasikiliza. Wewe unataka nimtoze ushuru kwanza?"

Nilicheka. Sikusikia kwamba nimeambiwa.

Kisha akataka kwenda kumtazama dada yake Tanga. Akaacha kanga zake zimekunjwa kitandani, mswala wake umetandikwa, vibandiko vya magoti juu ya meza. Akakwambia wewe, si mimi, "Chumba changu nakuachia, asiguse mtu. Narudi." Ukakifunga, ufunguo ukakaa nao. Na simu ya msiba wake ikaja Januari, na baridi ile uliiona, theluji imefika magotini na mifuniko ya mapipa haifunguki. Walishamzika. Tulikuwa tunakwenda kuwahi hitima tu, lakini mwana hawezi kukaa Springfield mamake amelala udongoni bila yeye kufika.

Gari lilikuwa linanguruma nje, mama yako yumo ndani anajifuta machozi. Mimi nikafanya nilichofundishwa na baba yangu tangu utoto. Kwetu mtu hasafiri akaacha nyumba inakula umeme. Swichi kubwa inashushwa, kila kitu kinachomolewa, mtungi wa gesi unafungwa, kwa sababu nyumba tupu yenye moto ndani ni nyumba inayoungua. Na maji je? Maji kwetu hayafungwi. Maji ni ya mgawo, yanakuja yanapotaka. Ukiyafunga utarudi ukute simtanki tupu na mtaa mzima umeshateka. Kwa hiyo nilizima mtambo wa joto la nyumba, nikashusha swichi kubwa, maji nikayaacha wazi. Mkono wangu ulifanya hivyo wenyewe, kwa adabu kabisa, kama mtu anayevua viatu mlangoni. Miaka mingi nilikaa nchi hii nikifanya kazi ya mabomba, lakini siku ya msiba wa mama yangu mkono ulirudi Tanga kabla yangu.

Na wewe ulisimama kwenye korido, begi mgongoni, ukaniambia, "Baba, don't we have to leave the heat on?"

Sauti ile naisikia mpaka leo. Haikuwa ya ubishi. Ulikuwa umelia usiku kucha na sauti ilikuwa imekauka. Ulikuwa unauliza kwa heshima kama joto lisingepaswa kuachwa.

Mimi nikatazama juu. Mama yangu amekufa, nami nikatafuta panya darini. Nikakwambia, "Sijamsikia mtu."

Ukafungua mdomo. Nilikuona ukitafuta maneno, na maneno yale hukuwa nayo. Nani alikuwa amekufundisha kusema mambo ya bomba kuganda? Ukafunga mdomo, ukatoka, ukaenda kukaa garini. Nikafunga mlango kwa ufunguo, nikaujaribu mara mbili, nikaridhika.

Tuliporudi, maji tuliyasikia kabla ya kufungua. Mama yako alidhani jirani anaoga. Unakumbuka mlango ulivyogoma, umevimba, nikausukuma kwa bega? Ndani dari ilikuwa imelala sakafuni na pamba ya waridi imetanda kila mahali kama mtu amechinja magodoro. Kwenye ngazi maji yalikuwa yameganda, ngazi nzima, na juu ya barafu maji mengine yanapita. Bomba la darini lilikuwa limepasuka mahali padogo, kidole changu kingeliziba. Kwa tundu lile nyumba yote ilitoka.

Wewe ulikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha bibi, ukatoa ufunguo. Dari ilikuwa imeangukia kitanda. Kanga zake zilikuwa zimekakamaa kwa barafu. Ulijaribu kuinua moja, ikainuka yote kama ubao, na mkunjo wake alioukunja yeye. Ukairudisha ilipokuwa. Harufu yake, ile ya karafuu na mafuta ya magoti, haikuwepo tena. Palikuwa pananuka chokaa.

Nikasimama nyuma yako nikingoja. Nilikuwa nimejiandaa, Zuwena. Nilijua utageuka na kusema nilikwambia. Nilitaka useme, kwa Kiingereza, kwa kelele, unitukane ukitaka. Ukageuka, macho makavu, ukasema kwa Kiswahili safi kisicho na kosa, "Pole, Baba."

Hukumwambia mama yako kwamba ulinionya. Hukumwambia mtu yeyote. Bima walipokataa kulipa, nyumba ilipokwenda, tulipohamia huku Landover kwa Mzee Kombo, watu wote walinipa pole kwa ajali. Mwangi mpaka leo husema, "Aki hiyo winter ilikuwa mbaya, si makosa yako." Wewe unakaa pale unatazama sahani. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Uongo. Yale tuliyazoa kwa ndoo, mimi na mama yako, na yakaisha.

Tangu siku ile hukunisemesha Kiingereza tena. Sheria yangu uliishika kuliko nilivyoiweka. "Shikamoo Baba. Ndiyo Baba. Hapana Baba. Nashukuru, nimeshiba." Kiswahili cha adabu, kila neno mahali pake, na hakuna kitu ndani. Unaniambia yale tu ambayo Kiswahili chako kinayaweza, na Kiswahili chako nilikifanya kiweze kuomba juisi. Mengine yote yalikwenda kwa Kiingereza kwa watu wengine. Yule kijana aliyekutoa machozi mwaka uliopita, jina lake nililipata kwa mama yako. Mtihani uliofeli kisha ukaurudia ukafaulu, nilijua siku ya sherehe. Habari za kazi ya hospitali ya Arizona mama yako alizishika wiki nzima kabla ya kunipa, na nilipokuuliza ukanijibu kama balozi: "Nimepata kazi, Baba. Ni mbali. Inshallah nitakuja." Nilikipata Kiswahili, mwanangu, wewe nikakukosa.

Mama yako anasema umechagua Arizona kwa sababu ya mshahara. Mimi nimetazama hali ya hewa ya huko. Ni mahali ambapo hakuna bomba linaloganda.

Juzi nilikuwa koridoni na zana zangu, mlango wako haukufungwa vizuri, nawe unaongea na rafiki yako kwa simu. Unacheka! Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu nikwame kwenye tundu la dari. Nilisimama nikisikiliza kama mwizi. Akakuuliza kitu, ukajibu, "My dad? He doesn't really talk to me." Ukalisema kawaida tu, kama mtu anayetaja rangi ya gari. Kisha mkaendelea na mambo mengine.

Nilirudi jikoni na spana mkononi nikakaa. Nilitaka kukasirika, hasira haikuja. Ulichosema, kwamba baba yako haongei nawe, ni kweli. Miaka yote nilikuwa nasema wewe ndiye huongei.

Nilijaribu kuianza barua hii kwa Kiingereza. Kilitoka kama ripoti ya kazini, pampu namba fulani imekaguliwa, hakuna tatizo. Nikachana. Ya moyoni sina lugha yake nyingine, na wewe ya kwako huwezi kuyasema kwa lugha yangu, na hivyo ndivyo tutakavyoachana kesho uwanjani, wewe unasema "Nashukuru Baba," mimi nasema "Safari njema." Najua kusoma Kiswahili kirefu kunakuchosha. Huenda umeishia kule juu kwa Mwangi na tangi. Huenda utaikunja uiweke chini ya nguo, na utakapoikumbuka mimi nitakuwa pale kitandani nilipokuwa napaogopa, na mkalimani wangu. Sikulaumu. Na sikuambii uje Idi, wala usije kwa kunihurumia.

Usiniulize nilijifunza nini. Nilijifunza kuvalisha bomba koti mara mbili, basi. Lile jingine nimelijua, lakini sijui la kulifanyia. Mtu huweza kuhamisha hita kutoka kistooni kwenda darini na kuirudisha. Miaka ya mtoto kukaa kimya mezani sijui inarudishwaje, na sidhani kama yupo fundi wake.

Mfereji umeacha kukohoa. Nimesimama nikautazama, maji yanatoka matupu, mazito, bila hewa. Nimefunga, nimewasha swichi, na sasa nimeweka kiganja kwenye tangi. Bado ni baridi. Itachukua muda. Mkirudi mtakuta maji ya moto, na utaoga, na utasema asante kwa Kiswahili.

Kesho ukiondoka sitazima kitu chumbani humu. Mzee Kombo atanung'unika kwamba chumba hakina mtu na joto linakwenda. Acha anung'unike. Nitamwambia kuna bomba humu.

Ukipiga simu, zungumza lugha iliyo karibu na ulimi wako. Nitasikiliza yote, hata nisipoelewa yote. Ukinyamaza, nitasikiliza hilo pia, nina mazoezi. Ila kabla hujaondoka, kuna swali lako moja uliniuliza koridoni ukiwa na begi mgongoni, na sikukujibu. Jibu nimechelewa nalo, halitakurudishia nyumba wala kanga za bibi. Nakupa kwa lugha uliyoniulizia.

Yes, Zuwena. We have to leave the heat on.

Baba